Mikweche ya Marekani: Data Zipo Wapi, na Zinajibu Nini

Saa 2 usiku wa tarehe 24 Agosti 2009, kwa saa za Washington, serikali ya Marekani ilifunga mpango uliokuwa umekula karibu dola bilioni 3 kwa muda wa mwezi mmoja. Jina lake rasmi lilifupishwa CARS. Mitaani ulijulikana kama pesa kwa mikweche. Mwenye gari kuukuu linalokunywa mafuta alilipeleka kwa muuzaji, akachagua jipya linalokunywa kidogo, na serikali ikamlipia dola 3,500 au 4,500 kwenye bei. Gari la zamani halikuruhusiwa kurudi barabarani. Magari takriban 677,000 yaliondoka kwa njia hiyo.

Ubishi haujaisha mpaka leo. Waliousimamia husema uliokoa ajira wakati ambapo Chrysler na General Motors zilikuwa zimekwisha kuomba kinga ya mahakama ya ufilisi. Wanaoupinga husema fedha zilikwenda kwa watu ambao wangenunua gari hata bila kupewa senti. Pande zote mbili zina namba, na namba zao zote zimetoka mahali fulani. Hapo ndipo kazi inapoanza kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa uchumi au mwananchi anayetaka kujua ukweli mwenyewe: namba hizo ziko wapi, nani alizikusanya, kwa sababu gani, na zinaweza kubeba uzito gani?

Nasema mapema ninachoamini. Serikali ya Marekani ilifanya jambo la kupigiwa mfano ilipoweka hadharani orodha ya miamala, gari kwa gari, badala ya kutoa mihtasari tu. Lakini orodha ile inajibu swali moja: nini kilitolewa na nini kilinunuliwa. Swali kubwa zaidi, yaani watu hao wangefanya nini kama mpango usingekuwapo, halimo ndani yake na haliwezi kuwamo. Wengi waliopotea katika mjadala huu walipotea kwa sababu walilitafuta jibu la swali la pili ndani ya faili la swali la kwanza.

Tuanze na jinsi data zenyewe zilivyozaliwa. Rais Obama alitia saini sheria ya mpango tarehe 24 Juni 2009, na kazi ikapewa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Ni chombo kilichozoea kupima mikanda na kuamuru magari mabovu yarudishwe viwandani. Kulipa ruzuku kwa maelfu ya wauzaji kila siku hakikuwahi kukufanya. Bunge lilitenga dola bilioni 1. Kanuni zilitoka mwishoni mwa Julai, na kwa kuwa kila mtu aliogopa wizi, masharti yakawa mengi. Gari la kutolewa lilipaswa kuwa na umri wa chini ya miaka 25, liwe linatembea, liwe limesajiliwa kwa mmiliki yuleyule na kukatiwa bima mwaka mzima mfululizo, na ulaji wake wa mafuta usiwe mzuri kuliko maili 18 kwa galoni, sawa na kilomita 7.6 hivi kwa lita. Gari jipya halikutakiwa kuzidi dola 45,000 kwa bei iliyopangwa na mtengenezaji.

Kila sharti lilidai ushahidi, na ushahidi huo ulipitia kwenye mfumo wa kompyuta ambamo muuzaji alijaza fomu ya kila muamala. Ndiyo maana leo tuna kumbukumbu nyingi kiasi hicho. Hakuna aliyekaa akapanga kuwasaidia watafiti wa baadaye. Walikuwa wanazuia udanganyifu. Data nyingi za serikali huzaliwa hivyo, kwenye karatasi za malipo, na anayezitafuta afanye vema kuanza kwa kuuliza: ili fedha itoke, ilibidi nani athibitishe nini? Kilichohitajika kuthibitishwa utakikuta. Kisichohitajika, hata kiwe muhimu namna gani, hakipo. Fomu za mikweche zilijua modeli ya gari, mwaka wake na jimbo lilikotoka. Hazikumuuliza mnunuzi kama alikuwa na nia ya kununua gari mwaka ule.

Hata kifo cha gari kiliandikiwa utaratibu, na inafaa kukiangalia kwa karibu maana kinaeleza kwa nini kumbukumbu hizi zinaaminika upande huo. Fundi wa muuzaji alimwaga oili yote ya injini. Mahali pake alitia kwoti 2, karibu lita 2, za mchanganyiko wa silikati ya sodiamu na maji, kisha akawasha injini na kuiacha izunguke mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Joto lilikausha maji, silikati ikaganda kama kioo kwenye beringi na sehemu zote ambazo oili ilikuwa ikipita, na baada ya dakika chache injini ikakwama, isiwashike tena. Kadi ya gari ikagongwa alama kwamba ni chuma chakavu. Mnunuzi wa skrepa aliruhusiwa kuuza milango, taa, viti na vipuri vingine, lakini injini hapana, na mabaki yalipaswa kusagwa ndani ya siku 180.

Linganisha na Ujerumani, ambako mwaka huohuo serikali ilitoa euro 2,500 kwa kila mwenye gari la miaka 9 au zaidi aliyelitoa likateketezwe na kununua jipya. Bajeti ilianza kwa euro bilioni 1.5 ikapandishwa hadi bilioni 5, na magari karibu milioni 2 yakabadilishwa. Huko injini haikuuawa mbele ya muuzaji. Mwaka 2009 chama cha wapelelezi wa jinai wa Ujerumani kilionya kwamba huenda magari kufikia 50,000 yaliyolipiwa ili yafe yaliuzwa kisirisiri nje, Afrika na Ulaya Mashariki. Kwetu sisi ambao bandari zetu hupokea magari yaliyotumika nchi za wengine, tofauti hiyo ina uzito. Kumbukumbu ya Ujerumani inaposema gari limeteketezwa, msomaji ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi. Ile ya Marekani ina msingi imara zaidi, maana gari lenye silikati kwenye injini halipandi meli likaja kubeba abiria.

Sasa turudi Washington, Julai 2009. Bilioni 1 ilikwisha kwa takriban wiki moja. Mfumo wa kompyuta ulizidiwa, wauzaji wakakesha wakijaribu kuingiza fomu zao, na wengine waliogopa kuendelea kuuza wasijue kama watalipwa. Serikali ikaomba bilioni 2 zaidi, na Rais akatia saini nyongeza hiyo tarehe 7 Agosti. Katika siku zile za mjadala, shirika la habari la Associated Press liliomba kumbukumbu za miamala na likajibiwa kwamba hazitatolewa haraka. Kilichokuwa kikizunguka ni mihtasari ya wizara: magari mangapi, modeli kumi zinazoongoza, wastani wa mafuta yaliyookolewa. Hili naliona ndilo kosa kubwa zaidi la uwazi katika mpango mzima. Miamala ilikuwa tayari kwenye kompyuta za serikali, na uamuzi wa kuongeza fedha mara mbili ya zile za mwanzo ulikuwa mezani. Data zilihitajika wakati ule kuliko wakati mwingine wowote.

Mihtasari yenyewe ilikuwa na shida yake. Wizara ilipotangaza modeli kumi zilizonunuliwa zaidi, magari madogo ndiyo yaliyotawala: Toyota Corolla, Honda Civic, Ford Focus na wenzake. Edmunds, kampuni inayofuatilia biashara ya magari, ikahesabu upya na kupata orodha nyingine, Ford Escape ikiwa juu. Hakuna aliyedanganya. Wizara ilitumia mtindo wa Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, ambao huhesabu kila muundo peke yake: gari lenye jina moja likiwa na injini mbili tofauti, au moja likiendeshwa kwa magurudumu mawili na jingine manne, huwa magari mawili katika orodha. Pikapu na magari makubwa ya familia huuzwa kwa miundo mingi, kwa hiyo hesabu yao iligawanyika vipandevipande na kushuka chini. Corolla, yenye miundo michache, ikabaki nzima. Ndiyo maana pia katika orodha ya magari yaliyotolewa utaikuta Ford Explorer mara mbili, ya magurudumu manne na ya mawili, kila moja na nafasi yake. Mwenye faili kamili angeweza kuhesabu kwa njia zote mbili akaona mwenyewe. Mwenye muhtasari alilazimika kumwamini aliyeuandika.

Faili hilo lilipopatikana, faida yake ilionekana mara moja. Mnamo Novemba 2009 Associated Press ilichapisha uchambuzi wake wa miamala yote. Badilishano lililotokea mara nyingi kuliko yote, zaidi ya mara 8,200, lilikuwa la mtu kutoa pikapu kuukuu ya Ford F-150 na kuchukua F-150 mpya. Hizo mpya zilikwenda maili 15 hadi 17 kwa galoni, nafuu ya maili 1 hadi 3 tu. Habari ikaenea kama ushahidi kwamba mpango wa mazingira ulikuwa unagawa pikapu.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo data ghafi inapowasahihisha serikali na wakosoaji wake kwa pamoja. Kipimo cha maili kwa galoni hudanganya jicho. Richard Larrick na Jack Soll walilionyesha hilo katika jarida la Science mwaka 2008, mwaka mmoja kabla ya mpango kuanza. Chukua pikapu iliyotoka maili 14 hadi 16 kwa galoni. Kwa kilomita 100 ilikuwa inakunywa lita 16.8, sasa inakunywa 14.7, imeokoa lita 2.1. Chukua saluni iliyotoka maili 18 hadi 22. Ilikunywa lita 13.1, sasa 10.7, imeokoa lita 2.4. Maili 2 za pikapu zinakaribia kabisa maili 4 za saluni. Kwa hiyo aliyecheka nafuu ya maili 2 alikosea. Lakini tazama ruzuku: kwa kanuni za mpango, pikapu kubwa iliyoongeza maili 2 ilistahili dola 4,500, na saluni iliyoongeza maili 4 ilistahili 3,500. Serikali ililipa zaidi mahali ambapo mafuta machache zaidi yaliokolewa. Lawama ya kweli iko hapo, kwenye jedwali la malipo ambalo Bunge liliandika, na huwezi kuifikia kwa kusoma wastani uliotangazwa na wizara wa maili 15.8 kwa magari yaliyotolewa na 24.9 kwa yaliyonunuliwa.

Faili lina magugu pia. Baada ya kutolewa, orodha za magari ya ajabu zilizagaa: Bentley Continental R ya 1997, Aston Martin DB7 ya mwaka huohuo, Maserati Biturbo ya 1985. Huenda mwenye Maserati mbovu aliona dola 4,500 ni nyingi kuliko thamani yake, na hilo linaingia akilini. Bentley ni vigumu zaidi kuiamini, kwa kuwa gari kama lile liliuzika kwa fedha nyingi kuliko ruzuku. Fomu zilijazwa na watu waliochoka, usiku, kwenye mfumo uliokuwa ukikatika, na mtu akichagua mstari wa juu au wa chini kwenye menyu, gari la kawaida hugeuka la kifahari. Mchambuzi mwangalifu hasimamishi hoja juu ya mstari mmoja. Anatafuta kwanza kama kuna kumbukumbu nyingine ya kuulinganisha nao, asipopata, anauacha.

Kuna mtego mwingine ambao watafutaji data husahau. Ulaji mafuta wa gari la 1995 unaosomeka leo si ule uliobandikwa kwenye kioo lilipouzwa. EPA ilibadilisha njia ya kupima kuanzia modeli za 2008 na ikakokotoa upya namba za magari ya zamani. Mwishoni mwa Julai 2009, siku chache kabla ya wauzaji kuanza kazi rasmi, ilipitia tena takwimu zake na baadhi ya modeli zikahama: zilizokuwa na maili 18 zikawa na 19 zikakosa sifa, nyingine zikashuka zikaipata. Kwa hiyo anayechukua faili la miamala na kuliunganisha na jedwali la EPA lazima aangalie jedwali hilo ni la tarehe gani.

Mpaka hapa tuko katika swali la kwanza. La pili ndilo lililowashika wachumi, na kila kundi lililolijibu vizuri lilikwenda kutafuta data nje ya faili la serikali.

Wa kwanza kupiga kelele walikuwa Edmunds. Oktoba 2009 walikadiria kwamba kati ya magari yote yaliyouzwa chini ya mpango, 125,000 tu ndiyo yasingeuzwa bila ruzuku. Gawanya bilioni 3 kwa idadi hiyo, kila gari la ziada liligharimu walipa kodi dola 24,000. Ikulu ilijibu kwa ukali, ikidai kwenye tovuti yake kwamba Edmunds wanaripoti mauzo ya magari ya sayari ya Mars. Jibu lile halikuwasaidia wananchi. Kilichohitajika ni njia ya kukagua makadirio, na njia hiyo ilitoka vyuo vikuu, polepole, miaka iliyofuata.

Atif Mian na Amir Sufi, katika Quarterly Journal of Economics mwaka 2012, walilinganisha miji. Miji mingine ilikuwa na magari mengi yaliyostahili mpango, mingine michache. Mpango ulipaswa kuipandisha ya kwanza kuliko ya pili. Ikapanda kweli: magari takriban 370,000 ya ziada yalinunuliwa Julai na Agosti. Kisha miezi iliyofuata mauzo ya miji ileile yakashuka chini ya mingine, na kufikia Machi 2010 ongezeko lote lilikuwa limefutika karibu kabisa. Watu waliwahisha kununua, hawakuongeza. Ili kuona hilo walihitaji usajili wa magari wa kila mwezi kwa kila eneo, kabla ya mpango na baada yake. Walitumia data za R. L. Polk, kampuni iliyokuwa ikiuza takwimu za usajili. Data hizo ni za kibiashara.

Shanjun Li, Joshua Linn na Elisheba Spiller walichukua njia nyingine mwaka 2013: waliilinganisha Marekani na Kanada, ambako soko linafanana lakini mpango kama ule haukuwapo. Walipata ongezeko linalokaribiana na la Mian na Sufi kwa miezi ile miwili, na wakaona kwamba karibu asilimia 45 ya fedha iliwaendea watu ambao wangenunua gari jipya hata hivyo. Wakaweka pia bei ya faida ya mazingira: kati ya dola 92 na 288 kwa kila tani ya kaboni dioksidi iliyoepukwa.

Lakini uchunguzi ninaouheshimu kuliko yote ni wa Mark Hoekstra, Steven Puller na Jeremy West, uliochapishwa mwaka 2017. Walichukua kumbukumbu za usajili za jimbo la Texas na kusimama kwenye mstari wa maili 18. Kaya iliyokuwa na gari la maili 18 ilistahili; jirani yake mwenye gari la maili 19 hakustahili; kwa mambo mengine yote kaya hizo mbili zinafanana. Walipozifuatilia, waliona wenye haki ya ruzuku waliharakisha kununua, na ndani ya miezi isiyozidi minane wale wengine wakawafikia kwa idadi. Tofauti iliyobaki ilikuwa katika bei. Kwa kuwa mpango ulidai gari linalokunywa mafuta kidogo, wenye ruzuku walinunua magari madogo na ya bei nafuu kuliko ambayo wangenunua kwa hiari yao. Kwa hesabu yao, mpango uliokusudiwa kuchangamsha viwanda ulipunguza matumizi ya magari mapya kwa takriban dola bilioni 5. Malengo mawili, kuokoa viwanda na kuokoa mafuta, yalikuwa yanavutana ndani ya sheria moja.

NHTSA katika ripoti yake kwa Bunge ya Desemba 2009 ilisema ajira zaidi ya 60,000 ziliundwa au kuokolewa. Ted Gayer na Emily Parker wa taasisi ya Brookings walipima tena mwaka 2013 na kupata gharama ya dola milioni 1.4 kwa kila ajira. Umbali kati ya hesabu hizo mbili hautokani na kosa la kujumlisha. Ya kwanza iliandikwa miezi michache tu baada ya mpango kufungwa, kabla anguko la mauzo lililofuata halijaonekana kwenye kumbukumbu. Ya pili iliandikwa lilipokwisha kuonekana. Tarehe ya ripoti ni sehemu ya data. Anayenukuu ripoti ya Desemba 2009 kana kwamba inajua yaliyotokea Machi 2010 anaitwisha mzigo ambao haiwezi kuubeba.

Jambo linaloniudhi katika simulizi hii ni kwamba ushahidi uliokata shauri haukuwa wa umma. Faili la serikali lilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini halikuwa na kundi la kulinganisha. Kumbukumbu zenye kundi hilo zilikuwa kwa kampuni inayouza au kwenye ofisi za usajili za majimbo, ambako sheria ya faragha ya madereva ya mwaka 1994 inazuia taarifa za watu kutolewa ovyo. Naiunga mkono sheria hiyo. Hakuna sababu ya mtu mwingine kujua jirani yake anaendesha gari gani na anaishi nyumba ipi. Hata hivyo hesabu za jumla kwa mwezi, eneo na aina ya gari hazimtaji mtu yeyote. Serikali iliyotoa dola bilioni 3 ingeweza kuyaomba majimbo yaziandae hesabu hizo na kuziweka hadharani pamoja na miamala, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na mpango wenyewe. Hilo lilipaswa kuandikwa ndani ya sheria ya Juni 2009, kabla dola ya kwanza haijatoka.

Kwa anayetaka kuzitafuta leo, njia inakwenda hivi. Kanuni za mpango zimo katika Federal Register ya mwishoni mwa Julai 2009. Zisome kwanza, maana bila hizo huwezi kujua kila safu ya faili ina maana gani. Kisha ripoti ya NHTSA kwa Bunge, halafu ripoti ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ya Aprili 2010, iliyochunguza mafunzo ya mpango. Tovuti ya wakati ule, cars.gov, ilikuwa ya kazi ya msimu mmoja; kurasa zake za mwaka 2009 zitafute katika hifadhi ya Internet Archive kwa kuchagua tarehe ya Agosti hadi Desemba, wala usitegemee viungo vilivyonukuliwa na magazeti ya siku zile. Ukilipata faili la miamala, hesabu mistari yake kabla ya jambo lolote. Yapo maombi 690,114 yaliyowasilishwa na wauzaji, na yapo takriban 677,000 yaliyolipwa. Waandishi wengi wamezichanganya namba hizo mbili, na wastani wao ukaharibika tangu mwanzo. Kwa wanaojua kutumia programu za takwimu, majarida ya American Economic Association, ambako utafiti wa Texas ulichapishwa, huwataka waandishi waweke wazi maelekezo ya kompyuta waliyotumia, hata pale data zenyewe zinapozuiwa.

Na usichokikuta, kiombe. Sheria ya Marekani ya uhuru wa kupata habari, ya mwaka 1966, inampa haki mtu yeyote, si raia peke yake. Kwa upande huo ni pana kuliko sheria za Kenya na Tanzania za mwaka 2016, ambazo zimewawekea raia haki hiyo. Mwanafunzi aliye Mombasa, Kigoma au Muscat anaweza kuiandikia NHTSA barua pepe, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 20 za kazi, ingawa majibu ya kina mara nyingi huchelewa zaidi. Usiulize maswali, maana sheria haiwalazimishi kujibu maswali wala kutengeneza hesabu mpya. Taja kumbukumbu iliyopo. Andika kwamba unaomba faili la miamala yote iliyolipwa chini ya mpango wa CARS wa 2009, kwa mfumo wa kompyuta, pamoja na maelezo ya kila safu, na useme kiwango cha juu cha ada ambacho uko tayari kulipa. Barua hiyo haizidi ukurasa mmoja.